Karakana Iliyokataza Kikohozi

Kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso, simu yangu hulia mara tano au sita. Ni nyinyi, wajukuu zangu. Mnanitumia picha ya jua linalochomoza na maneno chini yake: Amka, leo ni siku yako. Amini. Jikubali. Fukuza mawazo hasi. Nami huwarudishia kidole gumba, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza mlichonifundisha kwenye hii simu. Leo sina haraka, migomba imeshapaliliwa na mvua inanyesha, kwa hiyo nitawajibu kwa urefu.

Maneno hayo mnayonitumia mimi nimeyasugua kwa mikono yangu. Nimeyaosha, nimeyapaka nta, nimeyafunga kwa magazeti ya zamani na kuyalaza kwenye maboksi yaende Ulaya na Amerika. Kama kuna mtu Kisii na Nyamira nzima anayejua uzito wa neno Amini, ni mimi nyanya yenu. Lina uzito wa kitunguu cha wastani.

Mwenzenu Moraa ameniambia barua hii ataisambaza hadi kwa wenzake wa kazini Nairobi, basi wacha nijitambulishe kwa wasionijua. Naitwa Nyaboke. Nilizaliwa Sironga, nikaolewa Mosocho, na maisha yangu ya kazi yote niliyatumia kwenye mawe ya sabuni, yale mawe laini yanayochimbwa Tabaka na kuchongwa tembo, vibakuli na sanamu za familia zilizokumbatiana. Sikuwa mchongaji. Wachongaji walikuwa wanaume wengi wao, na ndio waliokuwa wakipigwa picha na wageni. Mimi nilikuwa msuguaji. Jiwe likitoka kwa mchongaji limejaa alama za panga na kisu. Anayelifanya ling'ae ni mwanamke aliyeinama kwenye karai la maji, na huyo hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake.

Kusugua kuna adabu zake. Unaanza na msasa mkali, unaenda wa kati, unamalizia na ule laini kabisa. Kila unapobadilisha msasa unaliosha jiwe na kubadilisha maji. Ukiruka hatua moja kwa uvivu, mikwaruzo itajificha, halafu siku ukilipasha jiwe joto na kulipaka nta, itajitokeza yote kwa pamoja. Jiwe jeupe ni rahisi kusugua lakini lina maringo, linaonyesha kila uchafu wa kidole. Jiwe la waridi lina mishipa, na ni lazima ujue mshipa upi ni rangi tu na upi ni ufa.

Aliyenifundisha kujua ni Mama Bosibori. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo usiopumzika, na alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvunja. Jiwe haliingii kwenye karai kabla halijatajwa ubaya wake. Unalishika, unaligonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Lililo zima lina mlio, lenye ufa mlio wake unakwama. Halafu unasema kwa sauti, kila mtu asikie: sikio jembamba. Tumbo lina ufa. Mguu wa kushoto mfupi. Wanawake wote wanaitikia, "Tumesikia." Ndipo unasugua, au unamrudishia mchongaji arekebishe.

Mwezi wangu wa kwanza nililetewa kiboko aliyechongwa na shemeji yangu. Niligonga, nikasikia kabisa kwamba sikio moja lina kasoro. Lakini shemeji ni shemeji, naye alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Nikasema, "Huyu ni mzuri." Mama Bosibori akaniangalia tu. Nikasugua, nikapaka nta, kiboko akang'aa kama ametoka mtoni. Alipokuja mnunuzi, akamshika sikio kumgeuza, na sikio likabaki mkononi mwake.

"Haya," Mama Bosibori akaniambia mbele ya watu wote, "mwambie mgeni vile kiboko ni mzuri."

Shemeji yangu hakunisemesha wiki mbili. Hakukasirika kwa sababu ya sikio. Alikasirika kwa sababu nilijua na sikumwambia, na yeye angeweza kulichonga upya kwa dakika chache.

Tulilalamika sana pale kwenye karai, msifikiri tulikuwa malaika. Tulilalamikia mgongo, maji baridi, waume, bei ya sukari. Lakini katika kulalamika huko ndiko tulikojifunza kazi. Mtu akisema kiwiko kinamuuma, mwenzake anamwonyesha jinsi ya kushika msasa kwa kiganja badala ya vidole. Akisema vidole vinachubuka, anaambiwa apake mafuta kabla ya kuja, si baada ya kufika nyumbani. Kwamboka ndiye aliyenifundisha hilo la mafuta. Alitoka Ikonge, upande wa majani chai, akapanga chumba Mosocho kwa ajili ya kazi, na akawa rafiki yangu wa karai kwa miaka mingi.

Sasa niwaambie kuhusu Momanyi, na sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa mchongaji, amesoma. Watalii walipopungua na tembo wetu wakaanza kukaa rafuni mpaka wakashika utando wa buibui, yeye ndiye aliyefungua karakana na kutuajiri. Yeye ndiye aliyegundua kwamba watu wa mbali wamechoka na tembo. Walitaka mawe madogo ya mviringo na ya umbo la moyo, yenye neno moja limechongwa katikati, la kuweka mezani au kushika mkononi mtu akiwa na mawazo.

Maneno yalikuwa ya Kizungu. Siku ya kwanza Momanyi alitutafsiria moja moja. Hili ni Amini. Hili ni Shukuru. Hili ni Ota Ndoto. Hili ni Pumua.

Kwamboka akainua lile la mwisho. "Kwani hao watu husahau kupumua mpaka wakumbushwe na jiwe?"

Tulicheka hadi maji yakamwagika, na Momanyi mwenyewe akacheka.

Oda zikaja nyingi. Mkono hauwezi kushindana na oda ya namna hiyo, kwa hiyo Momanyi akaleta mashine za umeme za kusugua. Maji na umeme havikai pamoja, basi makarai yakatolewa nje yakapinduliwa. Tukaanza kusugua mawe makavu. Nyinyi hamjui vumbi la jiwe la sabuni. Ni jeupe, laini kama poda ya mtoto, halionekani likiingia puani. Tulitoka jioni tukiwa na nyusi nyeupe, na babu yenu akaniuliza kama nimeamua kuzeeka kwa siku moja bila kumwarifu.

Kwa mazoea yetu tulianza kutaja ubaya. Vumbi ni jingi. Dirisha la nyuma limepigiwa mbao. Tunataka vitambaa vya pua. Momanyi alisikia kwa siku chache, akasema ataona. Halafu akaenda semina Nairobi kwa siku tatu. Akarudi na viatu vipya, na maneno ya kutusugua sisi.

Bango likapakwa ukutani: Mtazamo Wako Ndio Mshahara Wako. Kila asubuhi tukasimama duara, kila mtu aseme jambo moja zuri kwa sauti ya juu, wengine wapige makofi. Neno shida likapigwa marufuku. Badala yake tuseme nafasi ya kukua. Mashine ikiungua, tunasema imepata nafasi ya kukua. Stima ikipotea, tunapata nafasi ya kukua gizani. Siku choo kilipoziba, mzee mmoja wa kupakia mizigo aliingia ofisini na heshima zake zote akamwarifu Momanyi kwamba choo kimekua hadi mlangoni.

Mnacheka, lakini mimi sikucheka muda mrefu, kwa sababu niliingia ndani kabisa. Nataka mwelewe vizuri kosa letu. Sisi ni watu wa kanisa. Mimi Msabato, Kwamboka Mkatoliki, lakini sote tumekua tukijua kwamba mtu akisimama kutoa ushuhuda, wewe unaitikia Amina. Humuulizi maswali, humwombi cheti cha daktari. Duara la Momanyi lilikuwa ushuhuda mtupu. Aliondoa Mungu kwa taratibu akaweka oda, na sisi tukaitikia Amina kwa mazoea. Kumpinga mtu kwenye lile duara kulikuwa kama kumpinga aliyesimama mbele ya madhabahu, na hilo kwetu mtu hafanyi.

Tena nilikuwa hodari. Sauti ninayo, aibu sina. Nilishuhudia mpaka watu wakapiga vigelegele. Momanyi akanipa tisheti ya manjano na cheo: kapteni wa mtazamo. Kwa mara ya kwanza maishani mtu wa kusugua alikuwa na jina karakanani. Nilivaa tisheti ile hata siku za mapumziko. Sitawadanganya, nilipenda sana, na ujasiri nilioupata pale ndio ulionifanya baadaye nisimame mbele ya akina mama wa kanisa bila kutetemeka.

Kwamboka ndiye aliyeanza kukohoa. Wengine walikohoa pia, lakini chake kilikuwa kirefu, kikianza hakijui kuacha.

"Nyaboke, hii kifua yangu imekataa," aliniambia tukila chakula cha mchana. "Nikipanda kale kamlima ka kanisa nasimama mara tatu."

"Usikiri hivyo," nikamwambia. "Ukishasema umeumba."

"Niumbe nini? Kukohoa ndio nakohoa."

"Sema, mimi ni mzima."

"Mimi ni mzima," akasema, akakohoa hapo hapo mpaka chai ikamwagika.

Nilicheka. Yeye alipangusa chai kwa kanga yake bila kucheka.

Wiki hiyo, kwenye duara, kikohozi kikamshika Kwamboka wakati mtu mwingine anashuhudia. Momanyi akasema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kupiga kelele, "Mama, hiyo sauti tuiache nje. Inavuta wengine chini. Kapteni, hebu msaidie mwenzako."

Nikatoka mbele na tisheti yangu ya manjano. Nikamwambia rafiki yangu, mbele ya watu wote, arudie baada yangu: kifua changu kina nguvu.

Kwamboka akanitazama. "Mimi naomba tu karai yangu," akasema. "Hata kama nitafanya pole pole. Naomba maji."

Nami nikamjibu, "Hayo ni mawazo ya kurudi nyuma, Kwamboka."

Watu wakapiga makofi. Nimewahi kuvunja mawe mengi kazini, mengine ya bei, lakini hakuna kosa linaloniuma mpaka leo kama jibu lile. Naona aibu kuliandika, na naliandika ili mlijue. Alihamishiwa chumba cha kupakia, ambako vumbi lilimfuata, kisha akaambiwa akapumzike nyumbani mpaka mtazamo wake utengemae. Alifunga vyombo vyake akarudi kwao Ikonge. Sikumsindikiza. Niliogopa nikionekana naye watasema kapteni naye amelegea.

Miezi ikapita. Siku moja wakaja wateja kutoka ng'ambo kutembelea karakana. Tulikuwa tumepangwa, tumepanguswa, tumefundishwa jibu: sote tuko sawa, tuna furaha. Mama mmoja mwenye mvi akaja kukaa karibu nami. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi lakini kinafika. Akachukua lile jiwe la Pumua akaligeuza geuza.

"Mimi ninalo hili mezani kwangu kazini," akasema.

Moyo wangu ulijaa. Miaka yote ile sikuwahi kukutana na mtu aliyekuwa na jiwe letu. "Lilikusaidia?" nikamuuliza.

"Mkubwa wetu alitugawia siku aliyopunguza wafanyakazi. Sisi tuliobaki tukapewa kazi za walioondoka, na jiwe moja kila mtu."

"Sasa unalifanyia nini?"

"Linazuia karatasi zangu, feni ikiwashwa."

Akatabasamu, akavuta hewa kusema jambo lingine, akakohoa. Alipotulia akaniuliza kwa nini sina kitu cha kufunika pua. Nami, kapteni, nikamjibu nilivyofundishwa: sote tuko sawa, tuna furaha. Akanitazama vile vile Mama Bosibori alivyonitazama siku ya kiboko.

Siku nzima niliwaza jambo hilo nikisugua. Jiwe moja linatoka mkononi mwangu, ambapo maji yameondolewa na badala yake nimepewa maneno. Linavuka bahari, linafika kwa mwanamke ambaye wenzake wameondolewa na badala yake amepewa maneno yale yale. Na anayeuza anapata huku na kule. Hata Momanyi alikuwa na la kwake. Wanunuzi wa ng'ambo walimbana kila mwaka ashushe bei, na kila walipombana walimwandikia kwamba wanamwamini na kwamba yeye ni mtu wa kuona mbali. Barua hizo alizibandika ofisini. Bango ukutani lilikuwa rahisi kuliko bomba la maji, na mtu aliyeamini kwamba taabu yake inatoka kichwani mwake hakuwa na sababu ya kwenda kuuliza bomba liko wapi.

Kesho yake zamu ya kufungua duara ilikuwa yangu. Nilisimama. Nikagonga mwimo wa mlango kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama zamani. Nikasema kwa sauti yangu ile ile ya ushuhuda:

"Karakana hii. Vumbi jingi."

Vijana walioajiriwa juzi hawakujua ni nini. Halafu kutoka nyuma sauti ya mwanamke mmoja wa siku za karai ikasema, kwa shida, "Tumesikia."

"Dirisha la nyuma limepigiwa mbao."

"Tumesikia." Sasa walikuwa watatu.

"Maji yalitolewa."

"Tumesikia!"

"Kwamboka amerudi kwao na kifua kibovu. Na mimi ndiye niliyemwambia aseme ni mzima."

Hilo hawakuitikia. Nilisimama pale machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu, na sikuyapangusa.

Momanyi akaja mbele. "Mama Nyaboke, unaniangusha mbele ya watu."

"Sikuangushi, mwanangu. Nakutajia sikio kabla halijabaki mkononi mwa mteja."

"Oda ni za mwezi huu. Mnajua hivyo?"

"Tunajua. Sisi tunataka tuwe hai tufanye na za mwaka ujao."

Mtu akacheka, kisha wengi. Momanyi hakucheka. Akasema kama sina mtazamo wa karakana, basi nirudishe tisheti ya karakana. Nikaivua pale pale. Msishtuke, nilikuwa na blauzi ndani, Mosocho asubuhi kuna baridi. Nikaikunja vizuri nikampa. Nikatoka nje, nikapindua karai langu lililokuwa limeota majani pembeni, nikaenda kuteka maji. Wanawake wakanifuata, kisha na vijana kadhaa wa kiume, ambao ilibidi tuwafundishe kuanzia msasa mkali.

Kwa siku nne tulisugua nje, kwa mkono, kwa maji, na Momanyi hakutoka ofisini. Siku ya tano alitoka na kikombe cha chai. Akasimama karibu na karai langu. Kisha akainama, akachukua jiwe, akaligonga.

"Hii iko na ufa," akasema.

"Tumesikia," nikamjibu.

Siwaambii kwamba kila kitu kiliisha vizuri. Wanunuzi wawili hawakutaka kungoja, wakaenda kwingine, na baadhi ya vijana wakapunguzwa, na lawama nyingine nilibeba mimi. Lakini mashine zilihamishiwa banda la wazi zikawa za kukatia mawe makubwa tu, na anayezitumia akapewa barakoa. Bomba likavutwa. Dirisha likafunguliwa, tukaona kumbe nyuma kulikuwa na mti wa parachichi. Bango halikushushwa. Lilikuwa limepakwa rangi vizuri na tuliona ni hasara. Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi, bila cheo, mpaka magoti yakanistaafisha.

Sasa nyinyi. Sijasema msiwe na matumaini. Mimi bila matumaini nisingesomesha baba yenu kwa mawe. Anayeamka akijiambia ataweza, mara nyingi anaweza, hilo nimeliona kwa macho. Ninachowaambia ni ufundi mdogo tu wa kazi. Mtu wa juu yako akikuambia ufurahi, kwanza tazama ni kitu gani kimeondolewa mezani wiki hiyo. Wewe Moraa uliniambia kazini kwenu mnaanza siku kwa kupiga makofi na kujitangazia ushindi, na kwamba mwenzako aliyeuliza kuhusu saa za ziada aliambiwa hana moyo wa timu. Pigeni makofi, mwanangu, hayaui mtu. Lakini na wewe uliza hizo saa. Uliza kwa adabu, uliza kwa sauti, na uhakikishe kuna mwenzako wa kuitikia kabla hujafungua mdomo. Mimi nilifungua bila kuhakikisha, nikabahatika.

Na mwenzako akikuambia anaumwa, muulize wapi.

Nilikwenda Ikonge baada ya maji kurudi. Nilichelewa, najua. Nilibeba sukari na mikate miwili, na njiani nilipanga hotuba nzuri kama zangu za zamani. Nilimkuta Kwamboka ameketi barazani akichagua maharagwe kwenye ungo. Watu wa nyumba yake wote walikuwa shambani wakichuma majani chai. Yeye hakuweza tena kubeba kikapu. Hospitali walimwambia ni vumbi, na kwamba dawa zitapunguza lakini hazitaondoa.

"Bwakire buya," nikamsalimu.

"Bwakire," akaitikia, mikono haikusimama.

Nikamwambia maji yamerudi. Nikamwambia dirisha limefunguliwa, na karai lake lipo, hakuna aliyelichukua. Akasikiliza yote. Akasema anafurahi kwa ajili ya wale walio kule, yeye hawezi kurudi, hewa yake haifiki Mosocho. Hotuba yangu ikaniishia hapo. Nikapiga magoti kwenye udongo, mwanamke mzima, nikamwomba msamaha kwa lile jibu.

Kisha nikangoja. Mnajua vile sisi huwa. Mtu akiomba msamaha unasema hakuna shida, ni sawa tu, yamepita. Nilingoja aseme ni sawa. Nilikuwa na hamu ya neno hilo kuliko hamu ya maji.

Kwamboka aliweka mkono juu ya maharagwe. "Si sawa, Nyaboke," akasema. "Uliniumiza. Hao wengine sikuwajali. Wewe ndiye uliniumiza."

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa na maneno mengi mazuri na sikutoa hata moja.

Kikohozi kikamshika, kile kirefu. Hakugeuza uso na hakukizuia, nami nilikaa karibu nikakisikiliza mpaka mwisho wake. Alipomaliza alifuta midomo kwa kanga, akapisha nafasi kwenye mkeka, akasogeza ungo katikati yetu.

"Kaa," akaniambia. "Toa zile mbovu."